Namba Niliyoilalia

Editha mwanangu,

Shikamoo yako ya jioni nimeshaiitikia na usiku mwema tumeshatakiana, kwa hiyo barua hii haina salamu. Mambo ya sweta, dawa ya tumbo na kutokupokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi mama yako ameyasema tangu Jumapili, na kesho stendi atayarudia yote. Naomba umsikilize kama vile hujawahi kuyasikia. Mimi nina jambo moja tu. Ningelisema kwa mdomo, lakini unanijua, nikianza na jambo zito huwa naishia kwenye habari za mashine ya kusaga. Ndiyo maana nimechukua daftari lako la hesabu lililobaki na kurasa, nimekaa jikoni, naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Ile namba ya siri ya kuthibitisha chuo, ambayo umeisubiri mpaka umeamua kusafiri kesho kwenda Mbeya kuifuatilia mwenyewe ofisini, ilikuja. Ilikuja Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, kwenye simu yangu, ambayo ndiyo uliyoijaza kwenye fomu ya maombi. Niliisoma nikaielewa. Leo ni siku ya tisa imo mfukoni mwangu, na kila asubuhi uliponiuliza, "Baba, ujumbe umekuja?", nilikujibu, "Mtandao, mwanangu. Si unaujua mtandao wa huku."

Mtandao haukuwa na kosa lolote. Mwenye kosa ni mimi.

Sasa umeshajua. Ukitaka kuacha kusoma hapa uje unigombeze, nipo, sitaondoka. Lakini kama utaniruhusu, nikueleze ilivyokuwa. Siyo ili unionee huruma. Nakueleza kwa sababu dirisha la kuthibitisha linafungwa Ijumaa, una siku tatu za kuchagua kati ya vyuo viwili, na sitaki uchague huku hujui baba yako alikuwa anafanya nini nyuma ya mgongo wako.

Nianzie siku ile majina yalipotoka. Ulirudi kutoka mjini Sumbawanga na karatasi mbili ulizochapiwa steshenari: chuo cha Dar na chuo cha Mbeya, vyote viwili vimekuchukua kwa sayansi ya kompyuta. Mama yako alipiga vigelegele mpaka mbuzi wa jirani akakata kamba. Mimi nilishika karatasi moja. Ile ya pili hata sikuigusa. Nilitoka mbio, mtu mzima na kandambili zangu, mpaka kwenye kile kichuguu cha njia ya shambani ambacho kijiji kizima tunapanda kutafuta mtandao. Nikampigia baba yako mdogo kule Kasanga, nikapaza sauti hadi wavuvi wa ziwani nadhani walisikia: "Editha kaitwa Dar! Dar es Salaam! Anakwenda kusomea kompyuta!"

Pale kichuguuni walikuwepo watu sita wakisubiri zamu yao ya kupanda. Unajua maana yake. Siri ukiisema pale ni sawa na kuitangaza kanisani, na mimi sikuisema, niliipigia kelele. Kabla ya giza watu wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanajua. Jumapili baada ya misa mwenyekiti wa jumuiya akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Hongera, Baba Dar." Jina likanata. Mashineni akina mama wakawa wanashusha madebe yao huku wanasema, "Baba Dar, tusagie laini." Nililipenda jina hilo, Editha. Sitakuficha. Nilitembea wiki nzima kifua mbele kama mtu aliyesoma yeye.

Na hakuna hata mmoja kati yetu, mimi wa kwanza, aliyekuwa amekuuliza wewe.

Jumapili hiyo jioni ulikuja na daftari. Ulikuwa umechora mstari katikati ya ukurasa, upande huu Dar, upande huu Mbeya, ukaandika chini yake mambo uliyoyatafuta kwenye simu: miaka mingapi, masomo gani kila mwaka, saa ngapi za maabara, lini mnapelekwa kazini kujifunza kwa vitendo. Uliniuliza, "Baba, unaonaje? Darasa la mwaka wa kwanza Dar ni kubwa sana. Nitapata nafasi ya kuuliza kweli?" Nami nikakujibu jibu ambalo nikilikumbuka sasa naona aibu hata nikiwa peke yangu. Nilisema, "Watu wengi ndiyo chuo!"

Kisha ukanisimulia ile siku uliyokwenda kwenye maonyesho ya kile chuo cha Mbeya na shangazi yako Veronika anayeishi hukohuko. Ulisema mwalimu mmoja alikuwa amefungua kompyuta yote juu ya meza, akachukua kipande akakupa mkononi, akakuuliza unadhani kinafanya kazi gani. "Akasubiri, baba," uliniambia. "Hakunijibia. Mtu mzima kabisa, kasimama ananisubiri mimi nifikiri." Macho yako yalikuwa yanang'aa. Mimi nikauliza kama ugali umeiva.

Kesho yake namba ikaja.

Nilikuwa juu ya kichuguu, nataka kuulizia mkanda wa mashine mjini. Simu ikalia. Ujumbe ukasema umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, tumia namba hii kuthibitisha kimoja tu. Nilishuka nikianza kuja nyumbani, nakuapia, mguu wa kwanza ulikuwa wa kuja nyumbani. Nilipofika kwenye matuta yetu nikasimama. Nikajiambia, akiipata leo, leo hii anathibitisha Mbeya, na kesho mimi nitaitwa nani? Nikasema ngoja ipite siku moja, huenda akabadili mawazo. Nikageuka nikaenda mashineni.

Siku moja ikazaa ya pili. Uongo ukiuanza unataka kulishwa kila siku. Siku ya tatu nilikusikia jikoni unamwambia mama yako, "Mama, naogopa. Labda naitaka Mbeya kwa sababu tu shangazi yupo karibu, nikishindwa nina pa kukimbilia. Labda huu ni woga." Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nanawa miguu. Badala ya kuingia nikae na mwanangu mwenye wasiwasi, nikafurahi. Nikasema moyoni, si unaona, hajui anachotaka, wacha nimsaidie. Nilijiita msaidizi, mwenye namba yako mfukoni.

Sisi Wafipa tunafukia majani kwenye matuta, yanaoza huko chini, msimu ujao yanakuwa mbolea. Nilichokifukia mimi hakikuwa mbolea. Kilinuka tu, na aliyekuwa anasikia harufu ni mimi.

Sasa nikwambie kitu ambacho hujawahi kukisikia nyumbani humu, ingawa nina hakika umewahi kusikia nusu yake kwa watu. Unajua mimi ni fundi mwenye cheti. Unakijua cheti chenyewe, kipo ukutani, kimeingia vumbi la unga mpaka muhuri hausomeki. Nilikipataje hujui.

Nilipomaliza shule tulikuwa wawili, mimi na Kastori, yule fundi wa Kaengesa anayekuletea asali kila Krismasi. Tulipata nafasi mbili zilezile. Moja ilikuwa karakana ya misheni, pale pale Kaengesa, chini ya mzee mmoja fundi asiyependa maneno. Nyingine ilikuwa chuo cha ufundi cha mji mkubwa, mbali. Jina la mji huo sikutajii, kwa sababu mji haukunikosea kitu. Kastori alichagua karakana. Nilipomuuliza kwa nini anajizika kijijini, alisema, "Yule mzee siku ile alinipa spana nishike. Hakunijua, akanipa spana." Nilimcheka, mwanangu. Nilimwambia atakufa na harufu ya mahindi.

Mimi nikachagua mji. Ukiniuliza nilijua nini kuhusu chuo kile, sikujua chochote. Nilijua kwamba nikilitaja jina la mji ule, watu wanafungua midomo. Hicho ndicho nilichosomea, midomo ya watu. Tulikuwa na injini moja ya kujifunzia na darasa limejaa. Waliowahi walisimama mbele, sisi wengine tukawa nyuma. Ninaweza kukuchorea migongo ya wenzangu wote, nani alikuwa na shati lenye kiraka, nani alikuwa na kovu shingoni. Injini yenyewe niliigusa mara chache sana, na mara mojawapo ilikuwa siku ya kupiga picha. Sikuuliza swali hata moja, kwa sababu nilidhani mwenye kuuliza ataonekana ametoka porini. Nikarudi Ufipa na cheti, na viatu vyeusi, na kichwa kimevimba.

Mwaka huohuo wakaniita Muze. Mashine yao ya kusaga ilikuwa imekataa kuwaka, wakasikia kuna fundi wa chuo amerudi. Nikateremka kule bondeni kwenye joto, na boksi jipya la spana. Watu walikuwa wamejaa, wana magunia na madebe. Nakumbuka mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa ametembea tangu alfajiri, ana mtoto mgongoni na debe la mahindi kichwani, akaniambia, "Asante baba, Mungu amekuleta, watoto wamelala na njaa." Nikafungua injini. Nikafungua tena. Nilichokiona kina parafujo nilikifungua, kwa sababu sikujua tatizo liko wapi na niliogopa kusema sijui. Jioni injini nzima ilikuwa imelala juu ya magunia, vipande vipande, na mimi nimekaa katikati yake sijui kipi kilitoka wapi. Yule mama akajitwika debe lake akarudi alikotoka bila unga. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Siku ya pili wakamfuata Kastori. Alifika, akanisalimia, akakaa chini kando yangu, tukaanza kuirudisha. Ilituchukua siku mbili, kipande kwa kipande, na yeye ndiye aliyekuwa anajua kila kimoja kinakaa wapi. Ilipokwisha kufungwa, akashika spana ndogo, akalegeza nati moja kwenye bomba la mafuta, akapampu kidogo, mapovu yakatoka, akakaza. Injini ikawaka. Ilikuwa ni hewa tu, Editha. Hewa imeingia kwenye bomba la mafuta. Kazi ya dakika chache, na mimi nilikuwa nimeua injini ya watu kuitafuta.

Wale watu wakamgeukia wanamshukuru. Nilikuwa natafuta pa kuuficha uso. Kastori akawaambia, kwa sauti, ili wote wasikie, "Mwenzangu alishaisafisha yote, ilikuwa imebaki hewa tu." Basi. Tukapanda mlima pamoja kurudi, na njia nzima hakunikumbusha siku ile niliyomcheka. Kesho yake nilikwenda karakana ya misheni, nikamwomba yule mzee aniruhusu kuanza upya. Nilifagia pale miezi kabla sijapewa spana. Kile ninachokijua leo, kilichokulisha na kukusomesha, nilikipata pale, na si kwenye cheti. Cheti niliendelea kukining'iniza ukutani kwa sababu sikuwa na moyo wa kukitoa.

Unaelewa sasa kwa nini nilipokusikia unasema yule mwalimu alikupa kipande mkononi akasubiri, nikauliza habari za ugali? Niliogopa. Nilimsikia Kastori anazungumza kwa mdomo wako, na mimi nilikuwa nimeshapanda kichuguu.

Lakini hapo ngoja nikuwahi. Sikusimulii haya ili nikusukume Mbeya. Ningekuwa nimekutoa kwenye shimo moja nikutumbukize kwenye jingine. Cha Dar si chuo changu kile cha migongo. Wewe mwenyewe ulisema kuna wanafunzi wanatengeneza vitu vyao, wanashindana, kampuni zinakuja kuwachukua wakiwa bado darasani. Na wewe si mimi. Mimi nilisimama nyuma nikanyamaza. Wewe tangu darasa la tatu walimu walikuwa wananiita shuleni kulalamika kwamba unauliza sana. Mtu kama wewe darasa kubwa huenda likamnoa. Au huenda likamchosha. Sijui, mwanangu. Neno hilo, sijui, lilinishinda kulisema kule Muze mpaka injini ikafa, na wiki hizi limenishinda tena. Leo naliandika: sijui.

Nikuambie sasa siku iliyonivunja.

Alhamisi iliyopita ulipanda kichuguu na simu yako kupiga ofisi ya chuo kuulizia namba. Mimi nilikuwa chini, nimesimama kwenye foleni na watu wengine. Uliweka spika kwa sababu simu yako haisikiki ukiiweka sikioni. Tukamsikia bwana aliyepokea anakwambia, "Namba ilishatumwa Jumatatu, imepokelewa. Muulize mwenye simu." Watu wote wakanigeukia. Nikasema leo ndiyo leo.

Na wewe, bila hata kuniangalia, ukamjibu yule bwana, "Samahani kaka, simu ni ya baba yangu. Baba hawezi kuwa ameiona akanyamaza. Itakuwa ni tatizo la huko kwenu, naomba uangalie vizuri." Uliongea kwa heshima na kwa uhakika. Yule bwana akasema ataangalia. Watu wakaacha kunitazama.

Mara mbili katika maisha yangu nimesitiriwa mbele za watu na mtu niliyekuwa nimemkosea. Kastori alijua anachonisitiri. Wewe hukujua, na ndiyo maana uliniumiza zaidi. Usiku ule sikulala. Na bado, ona jinsi binadamu alivyo, Ijumaa uliniuliza nikasema mtandao. Jumamosi ulisema basi, utaenda mwenyewe Mbeya, utafikia kwa shangazi, utaingia ofisi ya chuo uwaeleze uso kwa uso, na kwa kuwa vyuo vinakaribia kufungua utabeba kila kitu, hutarudi tena kabla ya kuanza. Ukaanza kupanga begi. Nikakusaidia kufunga zipu.

Aliyenikamata ni mama yako. Jumapili aliomba simu yangu ampigie dada yake, akakutana na ujumbe. Hakupiga kelele. Alikuja mashineni, akangoja wateja waishe, akanionyesha simu, akasema, "Baba Editha, namba ya mtoto umeilalia kama kuku na mayai. Unangoja itotoe nini?"

Nilijaribu kujieleza. Nikasema nataka mema yake, nikasema Dar ni Dar, nikasema watu wameshajua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Watu ndio wanaokwenda kusoma?" Akasema ananipa mpaka siku ya safari. Nisipokwambia mimi, atakwambia yeye stendi ya Sumbawanga, mbele ya abiria wote, na ananijua ninavyopenda kutangaza mambo hadharani. Unamjua mama yako. Angefanya.

Nimekaa na jambo hili siku mbili, na leo jioni wakati unachambua maharage nimegundua kitu kingine, kidogo, nacho nikiseme kisibaki. Nilidhani nimeificha namba kwa ajili ya jina la Baba Dar tu. Ni kweli, lakini si yote. Kila asubuhi kwa siku tisa umekuja mpaka mlangoni mwa mashine, umesema shikamoo, umeniuliza swali moja, umenisubiri nijibu. Tangu uende shule ya bweni kidato cha kwanza hatujawahi kuwa na mazungumzo ya kila siku mimi na wewe. Nilikuwa nakudanganya, na wakati huohuo nilikuwa nafurahi kwamba umekuja. Nilijua siku nitakayokupa namba, utakuwa huna tena cha kuniuliza. Ni sababu ya kijinga. Nakupenda, mwanangu, na nimeuonyesha upendo huo kwa namna mbaya kuliko zote.

Nisamehe. Siandiki "nisamehe kama". Nisamehe.

Kuhusu kuchagua, nina maneno machache, na ukiyatupa hayatanikasirisha.

Usichague Dar ili kunifurahisha. Na tafadhali sana, usichague Mbeya ili kunikomoa. Najua ukisoma hapa utakuwa umekasirika, na hasira ni mshauri mwenye sauti nzuri. Tupe siku moja sote wawili, mimi na hasira yako, tutoke kichwani mwako kwanza. Fika kwa shangazi, lala, amka, fungua lile daftari lenye mstari katikati.

Ule woga wako wa kwamba unaitaka Mbeya kwa sababu ya shangazi, usiuonee haya. Uulize swali. Jiulize, shangazi angekuwa anaishi Dar, ningechagua wapi? Jibu litakalokuja haraka lisikilize. Wala kuwa na mahali pa kukimbilia si dhambi. Mimi niliporudi kwenye karakana ile ndipo nilipopona.

Siku moja nilikuuliza sayansi ya kompyuta ni kitu gani hasa, ukanifafanulia kwa mashine yangu. Ulisema, "Baba, watu wanaona mahindi yanaingia juu na unga unatoka chini. Mimi nataka kujua kutengeneza kile cha katikati." Sijawahi kukwambia kwamba maneno yale niliyarudia kwa wateja mwezi mzima. Basi chagua mahali watakapokuonyesha cha katikati, na watakapokuacha ukiharibu ukirudishe. Ni wapi, wewe ndiye uliyefanya utafiti. Mimi nilichofanya ni kupanda kichuguu tu.

Na popote utakapokuwa, siku usipojua kitu, sema sijui mapema, kabla hujafungua injini yote. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, lakini mimi nimeona kuna kujikwaa kwa kunyamaza pia, na kidonda chake hakiponi upesi.

Nilifikiri niiweke barua hii kwenye mfuko wako wa maandazi uikute ukiwa Tunduma. Ingekuwa rahisi kwangu. Ungeisoma ndani ya basi ambako huwezi kunijibu, nami ningekuwa huku nimekaa salama. Nimekataa. Nitakupa mkononi asubuhi kabla ya chai, na nitakaa pale kwenye kigoda mpaka umalize. Ukitaka kunifokea, foka. Ukitaka kukaa kimya mpaka stendi, nitabeba begi nyuma yako kimya. Mama yako ameahidi kutoingilia, jambo ambalo mimi na wewe tunajua litamtesa sana.

Tiketi yako inasema Mbeya, lakini basi lenyewe linaendelea mpaka Dar. Kiti utakachokalia kinafika kote kuwili. Namba nimeiandika nyuma ya ukurasa huu kwa herufi kubwa, nimeilinganisha na simu mara tatu, na mama yako akahakiki mara ya nne kwa sababu haniamini, na ana haki. Simu yenyewe pia utaondoka nayo mpaka uthibitishe, wakituma kitu kingine kikufikie wewe moja kwa moja. Mimi niachie hiyo yako isiyosikika sikioni.

Kesho nikitoka stendi nitapanda kichuguu. Watakuwepo watu, hawakosekani. Wataniuliza, "Baba Dar, mtoto kasafiri?" Nitasema amesafiri, na jina hilo mliache, mimi ni Baba Editha. Watauliza amechagua wapi. Nitawaambia kwa sauti ileile niliyompigia nayo baba yako mdogo: sijui, hajaniambia bado, na namba ilikuwa kwangu siku tisa nikamficha. Watanicheka. Wacha wacheke.

Kisha keshokutwa nitapanda tena asubuhi, na siku itakayofuata, na simu yako hiyo mkononi. Zamu yangu ya kusubiri ujumbe imefika, mwanangu. Nitakuwa nasimama pale juu kwenye upepo namuuliza kila anayepanda baada yangu kama mtandao upo, huku natazama simuni kama ujumbe wako umekuja.

Baba yako